Stika ya kijani si sheria: saluni chini, wapangaji juu

Swali: Assalaam alaikum fundi. Nina saluni ya nywele hapa Leicester, nina wafanyakazi wawili na dada mmoja anayenikodi kiti. Juu ya saluni kuna flati yangu ya vyumba viwili ambayo nimeipangisha ikiwa na friji, jiko, maikrowevu na mashine ya kufulia. Juzi nimeletewa barua na kampuni moja. Wanasema sheria inanilazimisha kupima kila kifaa cha umeme kila mwaka, saluni na flati, la sivyo nitapigwa faini na bima yangu haitalipa. Wanataka pauni mbili na nusu kwa kifaa, na hawaji kwa vifaa chini ya 50. Vyangu hata 40 havifiki. Mume wangu anasema hao ni matapeli. Shoga yangu mwenye nyumba Glasgow anasema ni sheria kabisa, yeye amepima. Nimsikilize nani? Halafu kuna draya moja ina stika ya kijani ya mwaka jana, lakini siku hizi inanuka kama plastiki inayoungua. Je, stika hiyo bado inafaa?

Jibu: Waalaikum salaam, dada yangu. Nianzie mwisho wa barua yako, maana hilo ndilo la haraka. Hiyo draya ichomoe sasa hivi, hata kama kuna mteja kitini, na isirudi tena kwenye soketi. Usimpe mtu. Usiifiche kabatini ukisema siku moja itatengenezwa. Ikate waya, asije mtu akaiokota pipani akaenda kuitumia. Na ile plagi utakayoikata usiiache ovyo. Mtoto akiichomeka ukutani, zile ncha za waya zilizobaki wazi zina umeme wa volti 230. Stika ya kijani inasema jambo moja tu: kwamba siku ile mwaka jana fundi alipima, kama kweli alipima, na hakuona kasoro. Draya ikianguka sakafuni wiki iliyofuata, stika haina habari.

Sasa tuje kwa mumeo na shoga yako. Kampuni ile sitaiita tapeli, kwa sababu kupima vifaa ni kazi halali na mimi mwenyewe nimeila miaka mingi. Lakini sentensi yao kwamba sheria inakulazimisha kupima kila kifaa kila mwaka si ya kweli kwa Leicester, yaani kwa England. Shoga yako naye hakukosea, ila yeye yuko Scotland, na mambo ya nyumba za kupanga Scotland yana sheria yake. Huko, tangu tarehe 1 Desemba 2015, mwenye nyumba binafsi anatakiwa kukaguliwa umeme wa nyumba angalau kila miaka mitano, na vile vifaa vya kuchomeka alivyompa mpangaji navyo vipimwe. Kwa hiyo Glasgow hata jibu langu lingekuwa jingine. Ona hata huko: miaka mitano, si kila mwaka.

Hebu tutenganishe saluni na flati, kwa sababu barua ile imevichanganya kwenye kapu moja na ndipo ilipokupoteza. Chini wewe ni mwajiri. Juu wewe ni mwenye nyumba. Ni wewe yuleyule na jengo ni lilelile, lakini wajibu ni wa aina mbili.

Kwa mwajiri, sheria inayohusika hasa ni Kanuni za Umeme Kazini za mwaka 1989, zilizo chini ya ile sheria kubwa ya afya na usalama kazini ya mwaka 1974. Zinasema, kwa maneno yangu, kwamba mifumo yote ya umeme itunzwe kadiri inavyowezekana ili isilete hatari. Basi. Ukizisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho hutakuta neno stika, hutakuta neno mwaka, hutakuta kile kifupi cha PAT, yaani upimaji wa vifaa vya kuchomeka, wanachokipenda wenye biashara hii. Hata HSE, mamlaka ya serikali inayosimamia usalama kazini, imeandika wazi katika miongozo yake kwamba sheria haikutaja ni mara ngapi, kwamba si kila kifaa kinahitaji kupimwa kwa mashine, na kwamba imani ya kila mwaka ni uzushi. Wala stika yenyewe si lazima kisheria. Wala daftari la kumbukumbu si lazima, ingawa hilo la daftari nitarudi kulitetea.

Hii habari ya kila mwaka imetoka wapi basi? Nadhani imeingia kwa milango kadhaa. Mmoja ni gesi: mwenye nyumba Uingereza kweli anatakiwa kukagua vifaa vya gesi kila miezi 12, na watu wakaibeba ile desturi wakaiweka kwenye umeme. Mlango mwingine ni bima, na hapo barua yao imegusa ukweli kidogo. Kampuni ya bima inaweza kuandika kwenye mkataba kwamba vifaa vya umeme vipimwe kila baada ya muda fulani. Ikiwa imeandikwa, na wewe umetia saini, hilo ni sharti la mkataba wako na linakubana ingawa si sheria ya nchi. Kwa hiyo toa bima zako zote, ya saluni na ya jengo, usome kipande cha masharti ya umeme. Usiwaulize wapimaji. Muulize aliyekuuzia bima, kwa maandishi, akujibu kwa maandishi. Mlango wa tatu ni biashara tu. Mtu anayelipwa kwa idadi ya vifaa atapenda vifaa viwe vingi na mwaka uwe mfupi.

Lakini usishangilie mapema, maana sheria isiyotaja mwaka si nyepesi kuliko inayoutaja. Ingesema "pima kila Januari", ungepima Januari ukalala. Hii inakuuliza kitu kigumu zaidi: je, vifaa vyako viko salama leo, na wewe umefanya nini kuhakikisha? Mfanyakazi wako akipigwa na umeme kwa pasi ya nywele yenye waya uliochubuka, hakuna atakayeridhika kwa kuonyeshwa stika. Wataangalia ule waya. Wataangalia ulikuwa umechubuka kwa muda gani na nani alikuwa akipita hapo kila siku.

Nilishawahi kuitwa kwenye hosteli moja, jina niliache, wakiwa na kitabu kizima cha ripoti za kupendeza. Jikoni nikakuta birika la umeme lenye stika ya miezi miwili. Chini yake, pale waya unapoingilia kwenye kitako, ganda la nje lilikuwa limerudi nyuma na nyaya za ndani zinaonekana rangi zake. Yule aliyetangulia hakuligeuza. Alibandika akapita, birika lifuatalo. Sisi mafundi tunalijua hilo, na kwa bei ya pauni mbili na nusu kwa kifaa, hebu piga hesabu mwenyewe: ili apate mshahara wa siku anahitaji vifaa vingapi, na kila kifaa kitapata dakika ngapi?

Kwa sababu kazi kubwa katika shughuli hii ni ya macho. Kasoro nyingi za vifaa vya kuchomeka zinaonekana kabla mashine haijawashwa: waya uliokatika karibu na shingo ya plagi, plagi iliyopasuka, alama ya kahawia kama chai pale palipopata moto, ganda la waya lililovutwa mpaka limetoka nje ya kishikio chake, waya uliofungwa solotepu. Hivyo vyote mfanyakazi wako anaweza kuviona akifundishwa nusu saa. Huhitaji mhandisi.

Ndani ya plagi napo pana habari. Kama ni plagi ya skrubu, chomoa kwanza, fungua: waya wa kahawia kulia kwenye fyuzi, wa buluu kushoto, wa kijani na njano juu kwenye ethi (njia ya kuupeleka ardhini umeme unaovuja), skrubu zimekaza, na ule mshiko wa chini umebana ganda la nje la waya, si nyaya za ndani. Zile plagi zilizomiminwa kiwandani hazifunguki, unatazama fyuzi tu. Fyuzi nayo ina adabu zake. Kifaa cha chini ya wati 700 hivi, kama taa au redio, kikae na fyuzi ya ampea 3. Draya, birika na pasi ya nguo vinataka 13. Usiseme "nitaweka 13 kote, isinisumbue". Fyuzi ipo kulinda waya, na waya mwembamba wa taa nyuma ya fyuzi ya 13 unaweza kupata moto mkali kabla fyuzi haijakatika. Kuhusu karatasi ya sigara ya kung'aa badala ya fyuzi, natumaini sina haja ya kueleza. Nimeikuta, na si mara moja.

Hapa niseme na ndugu zangu wote, si wewe tu. Plagi ya pini tatu za mraba tunaitumia Mombasa, Dar, Kampala, Muscat na Dubai kama wanavyoitumia London, kwa hiyo mtu akisafiri anarudi na draya au blenda, inaingia kwenye soketi, anadhani mambo yamekwisha. Kuingia si hoja. Itazame plagi: iwe na fyuzi ndani, na fyuzi iwe imeandikwa BS 1362, plagi yenyewe BS 1363, ndizo namba za viwango vya Uingereza. Halafu zitazame pini. Zile mbili za chini zinatakiwa kuwa na ukosi wa plastiki nusu ya urefu wake. Ile ya juu, ya ethi, ikiwa ni ya chuma isiwe na ukosi huo kabisa. Ukiona ya juu nayo imevalishwa plastiki kama wenzake, hiyo ni plagi bandia. Ule ukosi unaweza kuzuia ethi isishike ndani ya soketi. Nimezikataa nyingi kwa dalili hiyo moja. Na usinunulie saluni kifaa cha pini mbili za duara ukakitundikia adapta ya safari. Adapta ya safari ni ya hotelini, kuchaji simu, si ya kuendesha draya ya wati 2,000 kutwa nzima.

Mashine ya kupimia inakuja baada ya macho, na inaona yale macho yasiyoweza. Kifaa chenye mwili wa chuma kinachotegemea ethi, mafundi tunakiita cha daraja la kwanza, kinapimwa kama ule waya wa kijani na njano kweli unafika kutoka pini ya plagi hadi kwenye chuma chenyewe. Ukinzani wake uwe mdogo sana, sehemu ya kumi ya omu (omu ndicho kipimo cha ukinzani) ukijumlisha na ule wa waya wake. Ethi ikikatika ndani, kifaa kitaendelea kufanya kazi vizuri tu, na hapo ndipo hatari yake: hakuna dalili mpaka siku umeme utakapovuja kwenye chuma na mtu akakigusa. Kipimo cha pili ni cha ganda la kuzuia umeme. Tunalisukuma kwa volti 500, tukitarajia kusoma megaomu 1 (omu milioni moja) au zaidi kwa daraja la kwanza na 2 au zaidi kwa daraja la pili. Daraja la pili ni vile vyenye alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Draya nyingi za mkononi ziko humo. Hazina ethi, zina ganda maradufu.

Sasa kwa mara ngapi? HSE kwa maofisi na maduka inapendekeza hivi: vifaa vyenye ethi kama mabirika na pasi za nguo vitazamwe na mtu mwenye ujuzi kila miezi 6 hadi 12, na vipimwe kwa mashine kila mwaka mmoja hadi miwili. Vile vya daraja la pili vinavyoshikwa mkononi vitazamwe kila miezi 6 hadi 12, na kwa mashine si lazima. Kompyuta ya mezani inaweza kukaa miaka 2 hadi 4 ndipo itazamwe. Kwa kulinganisha, vifaa vya kwenye ujenzi vinapimwa kila miezi mitatu au hata mapema zaidi, kwa sababu kule waya unakanyagwa na matofali. Hayo ni mapendekezo, na saluni si ofisi ya mhasibu. Kwako kuna maji, kuna mikono yenye povu, waya zinazungushwa na kuvutwa kutwa nzima, na draya inaanguka. Kwa hiyo mimi nisingekaa kwenye ukarimu wa HSE. Draya za mkononi na pasi za nywele ningezipima kila mwaka ingawa wao hawalazimishi, na kuzitazama kwa macho kila mwezi. Stima (ile ya mvuke wa nywele, wasomaji wa Kenya wasinicheke) na zile draya za kofia za kukalia, zikiwa na chuma na ethi, kila mwaka bila mjadala. Birika la chai ya wateja vivyo hivyo. Kompyuta ya mapokezi, printa na feni ya mezani ziache, zitazame tu ukiwa unafuta vumbi. Ukihesabu kwa mtindo huo, huenda vifaa vinavyohitaji mashine ni kumi na tano tu, si hamsini.

Kitu ambacho barua ile haikukitaja, na ambacho ndicho ningekianza nikiingia saluni kwako, ni ekstensheni. Plagi ya ekstensheni inabeba ampea 13, sawa na wati 3,000 hivi kwa jumla, hata kama ina matundu sita. Draya moja ni wati 2,000. Jumamosi mchana, wafanyakazi wawili wakiwasha draya mbili kwenye ekstensheni moja, umeshafika wati 4,000, na fyuzi ya 13 haikatiki papo hapo kwa mzigo wa namna hiyo. Inavumilia kwa muda, na wakati huo plagi inaiva. Gusa plagi za ekstensheni zako mwishoni mwa siku yenye kazi. Ikiwa moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, tatizo lako halihitaji mpimaji, linahitaji fundi akuongezee soketi za ukutani. Ile ya kuzungusha kwenye gurudumu nayo, ukiitumia ikiwa imeviringwa inajipika yenyewe, ivute yote. Usichomeke ekstensheni ndani ya ekstensheni. Na hakikisha soketi za saluni ziko nyuma ya kile kikata umeme cha RCD cha miliampea 30, kile chenye kitufe cha kujaribia. Chenyewe ndicho kitakachoukata umeme kwa haraka, kabla moyo wa mtu haujavurugwa, siku ambayo draya itadondokea kwenye beseni.

Dada anayekukodi kiti ni suala ambalo watu wengi wa saluni wanalipuuza. Yeye anajiajiri, na kanuni za 1989 zinambana mtu anayejiajiri kama zinavyombana mwajiri, kwa yale yaliyo chini ya mamlaka yake. Draya yake ni juu yake. Soketi, ekstensheni na mfumo ni juu yako. Lakini saluni ni yako na wateja wanaoingia ni wageni wa mlango wako, kwa hiyo andika kwenye makubaliano yenu kwamba vifaa vyake vitakaguliwa pamoja na vya saluni, au alete uthibitisho wake. Hao wafanyakazi wawili wakija na pasi zao za nywele kutoka nyumbani, na wengi wanazo wanazozipenda, usijitoe ukasema si zako. Zikitumika kwenye kazi yako, ziingize kwenye daftari lako.

Kifaa kipya dukani hakihitaji kupimwa kabla ya kutumika. Kitazame tu kama hakikuvunjika njiani.

Twende ghorofani. Hapa sheria kali ipo, ila inahusu nyaya za ukutani. Kanuni za mwaka 2020 za nyumba binafsi za kupanga za England zinataka mfumo mzima wa umeme, yaani bodi ya fyuzi, nyaya, soketi, swichi na taa, ukaguliwe na mtu mwenye sifa angalau kila miaka mitano. Zilianza kwa mikataba mipya tarehe 1 Julai 2020 na kwa wapangaji waliokuwemo tarehe 1 Aprili 2021, kwa hiyo wewe huna mlango wa kutokea. Ripoti yake wanaiita EICR. Mpangaji aliyemo apewe nakala ndani ya siku 28, mpangaji mpya apewe kabla hajahamia, na halmashauri ikiomba ipelekewe ndani ya siku saba. Kukiwa na kasoro za hatari, zirekebishwe ndani ya siku 28 au mapema zaidi ikiwa ripoti imesema hivyo. Faini iliyowekwa na kanuni hizo mwaka 2020 ilikuwa hadi pauni 30,000. Hiyo faini ndiyo kampuni ile imeikopa kukutishia kwenye habari ya maikrowevu.

Ukiipata ripoti, soma herufi. C1 ni hatari iliyopo sasa hivi, C2 ni inayoweza kuwa hatari, FI ni kwamba uchunguzi zaidi unahitajika. Yoyote kati ya hizo inaifanya ripoti isiridhishe. C3 ni ushauri tu wa kuboresha, na haikuangushi. Fundi akikuandikia C2 nne halafu papo hapo akakutolea bei ya bodi mpya, muombe aeleze kila moja kwa maneno, na uwe tayari kumlipa fundi wa pili aje atazame.

Vifaa vya kuchomeka vya flati, kwa England, hakuna kanuni inayosema mwenye nyumba binafsi avipime kwa PAT. Hata ile sheria ya mwaka 1985 ya mwenye nyumba na mpangaji, ambayo inakutaka utunze mifumo ya maji, gesi na umeme, inaviacha nje vifaa vinavyotumia umeme huo. Lakini serikali katika mwongozo wake wa kanuni za 2020 imependekeza wenye nyumba wavipime mara kwa mara na kumpa mpangaji kumbukumbu, na ukimpa mtu friji yenye kasoro ikamuunguza, hutajitetea kwa kusema hakuna aliyekulazimisha. Kuna tofauti moja ya kuangalia. Ikiwa ghorofani kwako hawakai familia moja bali watu watatu au zaidi wasio wa kaya moja wanaochangia jiko na choo, hiyo ni nyumba ya HMO. Wakifika watano unahitaji leseni kisheria, na baadhi ya halmashauri wanaitaka hata kwa wachache. Masharti ya leseni yanataka vifaa vya umeme ulivyoviweka viwe katika hali ya usalama na uweze kutoa tamko la usalama huo halmashauri ikiliomba. Hapo pima, na weka karatasi.

Kwa flati ya familia moja, ningefanya hivi. Kila mpangaji anapohama na kabla mwingine hajaingia, ningevitazama vifaa vyote na kuvipima vile vyenye ethi: friji, mashine ya kufulia, maikrowevu. Fundi anayekuja kwa EICR anaweza kuvimaliza siku ileile kwa nyongeza ndogo. Jiko likiwa limeunganishwa moja kwa moja ukutani bila plagi, mtajie kwa jina, kwa sababu linadondokea katikati: mkagua nyaya anaishia kwenye swichi yake, na mpima vya kuchomeka anasema halina plagi. Vya mpangaji mwenyewe si vyako. Lakini vile alivyoviacha mpangaji wa zamani, hita ya kabatini, kibaniko cha mkate, ukiviacha ndani na kumpa mwingine funguo, vimekuwa vyako. Viondoe. Kila kifaa unachopunguza ni kifaa kimoja cha kutojibia.

Na kuna kasoro ambazo mashine ya kupimia haitaziona kamwe. Moto wa Grenfell Tower, London, usiku wa tarehe 14 Juni 2017, uliowaua watu 72, ulianzia kwenye friji kubwa jikoni mwa flati moja kabla haujashika kuta za nje. Mwaka 2019 kampuni ya Whirlpool ililazimika kuzirudisha mashine za kukaushia nguo zilizouzwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015 kwa majina kama Hotpoint, Indesit na Creda, kwa sababu vumbi la nguo liliweza kugusa sehemu ya joto na kuwaka. Mashine ya aina hiyo ungeipima ethi ikapita, ungeipima ganda likapita, ukaibandika kijani. Kwa hiyo chukua namba za modeli za friji na mashine ya kufulia ya flati, ziingize kwenye ukurasa wa serikali wa bidhaa zilizoitwa kurudishwa. Ni dakika tano na haina malipo. Ile mashine ya kufulia kama uliinunua mitumba, ianze hiyo.

Daftari nililoahidi: chukua la kawaida la shule. Mstari mmoja kwa kila kifaa, kiko wapi, tarehe ya kutazamwa, nani ametazama, kimeonekanaje, kimefanywa nini. Iandike draya ile ya kunuka ukurasa wa kwanza, na tarehe uliyoiondoa. Siku likitokea la kutokea, mistari hiyo itaonyesha kwamba kuna mtu alikuwa anaangalia. Ndiyo maana nalitetea ingawa sheria hailitaki.

Hiyo kampuni ijibu kwa upole. Waambie una vifaa kumi na tano vya saluni na vitatu vya juu, na uwaulize watakupa namba zilizosomwa kwa kila kifaa au neno "imepita" tu, plagi zenye skrubu watazifungua au la, na kifaa kikifeli nani anaamua. Wakishikilia hamsini, tafuta fundi mmoja wa mtaani anayetoza kwa saa. Kwa kazi yako asubuhi moja ya Jumatatu inatosha, saluni ikiwa imefungwa.